Siku Bibi Alipomnyang'anya Maganga Kofia

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima ikatulia na akamwacha mwanadamu ahangaike chini yake. Amenipa umri mrefu kuliko nilivyostahili, na ameniachia kumbukumbu ingawa meno yameshaniaga. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Sasa, msomaji wangu, sogea nikusimulie.

Juzi mjukuu wangu alileta kamba mpya ya katani ya kufungia mbuzi. Mvua ilikuwa imeilowesha njiani, na alipoitupa barazani harufu yake ikanijia puani: harufu ya majani yaliyovunda, yenye uchungu kidogo na ukali unaokwaruza koo. Nikaacha kuchambua mchele. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nipo uwanja wa boma, nasubiri filimbi ilie. Akanitazama kwa huruma, kama watoto wanavyotutazama sisi wazee tunapoanza kusafiri bila kuinuka.

Nilikuwa na umri wa kama miaka minane. Wadachi walikuwa wanatawala, reli ilikuwa imeshafika Morogoro, na kila mwaka, kabla ya masika, boma lilifanya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wao. Sisi Kaisari hatukumjua, lakini michezo yake tuliijua. Watu walikimbia ndani ya magunia, walipanda mlingoti uliopakwa mafuta, na mwisho wa yote, watu wakiwa wameshapayuka mpaka sauti zimekauka, ilitolewa kamba.

Mwaka huo kamba haikuwa mchezo tu. Kulikuwa na mizigo ya serikali ya kupeleka Kisaki, na akida wa boma alipita huko kwetu mlimani, juu ya Kilakala, akatangaza mbele ya watu: wanaume wa mlimani watavutana na vibarua wa reli. Watakaoshinda watapewa fahali na kuachwa wapumzike. Watakaoshindwa wataibeba mizigo.

Bibi yangu, mzaa mama, alisikiliza tangazo hilo akiwa anatwanga. Mchi ulisimama. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa amekwenda Kisaki na mizigo misimu miwili nyuma, na kilichorudi ni mkeka wake, umebebwa na mwenzake. Aliyebaki ni mjomba wangu Kondo, kijana mpana wa kifua, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwaongoza wanaume wetu.

"Mama, tutawaburuta mpaka stesheni," alisema Mjomba.

"Inshallah," alijibu Bibi, akaendelea kutwanga.

Siku yenyewe tuliteremka alfajiri, wanawake mbele na vikapu vya mihogo ya kuchemsha, sisi watoto nyuma tukiteleza kwenye umande. Uwanja ulijaa. Wahindi wenye maduka walikuwa wamesimama juu ya masanduku ili waone vizuri, askari walikuwa na vifungo vinavyong'aa, na tarumbeta ilikuwa ikilia kwa sauti ya kupasua sikio. Bibi alinishika mkono akanipenyeza mpaka mbele kabisa, tukakaa chini, karibu sana na mwisho wa kamba upande wa reli. Nilinung'unika kwamba tumekaa upande wa adui. Akanipa kipande cha muhogo ninyamaze.

Ndipo nikamwona Maganga. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima mrefu, shingo yake nene kama gogo kwa kubeba mizigo tangu utotoni. Kubeba na kuvuta ndiyo ilikuwa kazi yake ya mshahara. Watu walisema yeye na wenzake wamevuta kamba katika kila kituo tangu pwani, na hawajawahi kuburutwa hata hatua moja. Yeye alikaa mwisho kabisa, kamba imemzunguka kiunoni, na kichwani alivaa kofia nyekundu yenye kishada cheusi.

Wanyamwezi ni watani wetu. Kwa hiyo kabla mikono haijashika kamba, midomo ilishaanza kazi.

"Poleni, watu wa mlimani!" aliita Maganga. "Nasikia mkilima kwenu mnajifunga kamba kiunoni msianguke kutoka shambani. Leo mmeifungua, mtamwagika!"

Uwanja mzima ulicheka. Shangazi mmoja wa kwetu akasimama, akajifunga kanga. "Na nyie vichwa vimekuwa bapa kwa mizigo! Mkilala mnaviweka wapi, si vinasimama wima?"

"Tunaviweka mapajani mwa wake zenu!"

Wanawake wetu walipiga kelele, wakamrushia maganda ya mihogo, na yeye akayadaka na kuyala. Mimi nilimchukia. Nilikuwa mdogo, sikujua bado kwamba mtu anaweza kukutukana kwa mapenzi.

Filimbi ikalia. Mvuto wa kwanza uliisha kabla sijavuta pumzi. Maganga alikuwa amechimba vishimo viwili kwa visigino, akaiingiza miguu humo, akalala chali nyuma kama mtu aliye kitandani, na wanaume wetu wakavutwa wote kwa kasi, wamepiga magoti, mpaka wakaupita mstari wa chokaa. Mjomba aliinuka na mchanga mdomoni. Sikuthubutu kumtazama Bibi.

Kisha Mungu akaleta manyunyu. Ardhi ikalainika, na watu wa mlimani wanaijua ardhi inayoteleza. Mjomba aliwaambia wenzake wasivute kwa pupa, wavute kwa kuitikiana, kama wanavyoteremsha magogo. "Mlima!" anaita. "Hausogei!" wanajibu. Na sisi watazamaji tukaidaka, mpaka uwanja wote ukawa unaitikia, hata Mhindi mmoja juu ya sanduku lake, mpaka akaanguka. Kamba ililia, majimaji ya katani yakamchirizika Mjomba mikononi, na harufu ile ikatanda kote. Maganga alisogea. Shubiri, shubiri nyingine, kisha wote wakaburutwa. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Ukabaki mvuto wa tatu, wa kuamua. Wavutaji wakapewa maji. Niliona kata ikimponyoka Mjomba, maji yakamwagika, na wenzake wawili wamelala chini. Wale wa reli walikuwa wamesimama, wanatafuna miwa.

Hapo Bibi akainuka. Alikwenda taratibu mpaka kwa Maganga, akaruka kidogo kwa sababu alikuwa mfupi, akamnyang'anya kofia.

Kicheko cha uwanja mzima mtu angekisikia akiwa stesheni. "Mtani kaibiwa! Mtani kaibiwa!" Na utani una sheria yake: kitu ulichonyang'anywa na mtani huwezi kukidai kwa ugomvi. Unakikomboa kwa kitakachotajwa.

"Haya, bibi mwizi," alisema Maganga akijikuna kichwa kitupu. "Unataka nini? Kuku? Miwa?"

Bibi alimvuta sikio, akamwinamisha, akamnong'oneza. Halikuwa jambo refu. Nilimwona Maganga akifungua mdomo ili atanie, kisha akaufunga. Akamtazama Mjomba Kondo upande wa pili. Akauliza kitu, Bibi akatikisa kichwa. Filimbi ikaita.

Mimi, kwa kuwa nilikaa chini, macho yangu yalikuwa sawa na miguu. Maganga alijifunga kamba kiunoni, akainama, akanguruma, uso ukamvimba kwa nguvu. Lakini vishimo vyake viwili vilikuwa pale, vimejaa maji ya mvua, na miguu yake ilikuwa shubiri moja nje yake. Alikuwa amesimama juu ya tope tupu.

"Mlima!" aliita Mjomba kwa sauti iliyobaki nusu.

"Hausogei!"

Na wale wa reli wakaja, wote, mmoja baada ya mwingine, na Maganga nyuma yao, anaburutwa kwa tumbo kama gunia. Uwanja ulipasuka. Mjomba alibebwa mabegani. Akina mama walilia, mmoja akazimia, akaamshwa kwa kuambiwa kwamba kuna fahali.

"Bibi," nilisema, "Maganga hakuingiza miguu kwenye..."

Akanijaza muhogo mdomoni. "Kula."

Kisha akaenda tena kwa Maganga, aliyekuwa amekaa kwenye tope huku wenzake wanamgombeza. Kofia hakumrushia. Alimvisha mwenyewe, kwa mikono miwili, akaiweka sawa, akarudi bila kutania.

Siku ya tatu wale wa reli walipita njiani chini ya mlima wakielekea Kisaki, mizigo vichwani, na sisi watoto tukawafuata na kuwazomea. Walirudi masika yalipokwisha. Maganga alirudi na mguu mmoja umepinda. Alibaki Morogoro, akaoa, akawa anauza mkaa sokoni, na kila tulipomwona tuliutembea mwendo wake nyuma yake na kuimba, "Mlima hausogei!" Miaka mingi nilifanya hivyo, hata nilipokuwa msichana mkubwa wa kuona haya. Alikuwa akigeuka, anacheka, anatutupia vipande vya mkaa. Hakunijibu kitu kingine kamwe.

Bibi alifariki Wadachi walipokuwa wameshaondoka. Jeneza lilipotaka kutoka mlangoni, watani walilizuia, kama ilivyo ada yao, na aliyesimama mbele kabisa alikuwa Maganga, mzee sasa, amevaa ile kofia, kishada kimebaki nyuzi mbili.

"Mwizi huyu hatoki!" alipaza sauti. "Aliniibia kofia, akanitoza mvuto mzima wa kamba! Aliniambia, 'Wa kwanza amebaki njia ya Kisaki. Niachie huyu.' Nikamuuliza kama ana mwingine, akasema hana. Nikamwachia! Mguu wangu huu ni wake. Aninyooshee kwanza, ndipo azikwe!"

Msiba mzima ulicheka mpaka machozi. Watani husema uongo mbele ya maiti, hiyo ndiyo kazi yao, na hakuna aliyeamini hata neno moja. Aliyecheka kuliko wote ni Mjomba Kondo, mwenye watoto saba, aliyekuwa bado akiwasimulia jinsi alivyowashinda watu wa reli. "Mtani muongo wewe!" alisema. "Tulikuburuta!"

"Mliniburuta," alikubali Maganga, akapisha jeneza.

Mimi peke yangu sikucheka. Niliviona vile vishimo viwili, vimejaa maji.

Nimewahi kujiuliza kama ilikuwa haki, mchezo kuamuliwa kwa mnong'ono, na wale wengine waliobeba mizigo bila kuulizwa nawaombea mpaka leo. Hukumu namwachia Mwenye hukumu. Ninachokijua ni kwamba jioni ile, watu walipokwisha kula, nilichukua birika nikamnawisha Maganga mikono. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

Alinitazama, akanijua mimi ndiye yule niliyekuwa nikiigiza mwendo wake. "Marahaba," alisema. Kisha akashika maji kiganjani, akanirushia usoni, akacheka.

Mungu akulipe heri, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Ikiwa kuna mtu aliyeuchukua mzigo wako bila wewe kujua, Mola amwongezee, na akujaalie umtambue mapema kuliko nilivyomtambua mimi. Amina.