Siku Stamena Alipoisifu Shule

Katika mji wetu mtoto akizaliwa mzuri, wageni humtazama kidogo tu, wakageuza shingo na kujifanya wanatema mate, kisha wakamwambia mama yake kwamba mtoto ana sura ya chura. Mama hufurahi. Asipoambiwa hivyo hulala na wasiwasi. Ndivyo tulivyolelewa huku Bela Stena: kitu unachokipenda usikisifu, maana kijicho kiko kila mahali, na kikisikia kwamba umeridhika kinakuja kuchukua chake.

Jirani yangu Stamena alikuwa bingwa wa jambo hilo. Achari yake ya pilipili hoho ndiyo watu huivizia kila mwaka, lakini yeye akikupa chupa hukuonya kwamba mwaka huu imeharibika, ukiona vibaya uwape kuku. Mumewe Panche alipokuwa hai, akirudi kutoka msituni na gari limejaa magogo, Stamena humsemea dirishani kwamba ameolewa na mvivu. Panche hucheka. Walipendana sana wale, na sijapata kumsikia hata siku moja akimwambia neno tamu mbele ya watu.

Panche aliangukiwa na mti mwezi wa Februari, theluji ikiwa bado nzito. Stamena akabaki na mtoto mmoja, Gligor, wakati huo anamaliza shule ya msingi. Yeye mwenyewe alirudi kazini wiki ile ile, kwenye karakana ya ushonaji iliyo karibu na mto, ambako kazi yake ni kola za mashati, kola tu, shati zima halioni. Nilimuuliza kwa nini asipumzike. Akasema akikaa nyumbani ataanza kusikiliza.

Alichoogopa kukisikiliza ni ukimya. Gligor alikuwa ameacha kusema. Nyumbani alijibu kwa kichwa, shuleni hakujibu kabisa. Walimpeleka mji mkuu, Skopje, kwa daktari mara kadhaa, wakaambiwa wavumilie. Mimi nafanya kazi katika duka la dawa, na Stamena alikuwa akija kuniuliza kama hakuna kitu cha kumpa, matone au vidonge. Sikuwa na kitu.

Hivyo ndivyo kijana alivyoingia shule yetu ya sekondari, ile ya misitu na useremala iliyo juu ya kilima. Stamena hakutaka. Mti ulikuwa umemchukulia mume, na sasa mwanawe aende kujifunza miti? Lakini shule nyingine ziko mbali, huko mji mkubwa, na angelazimika kulala bwenini, bubu miongoni mwa watu wasiomjua. Akakubali kwa shingo upande.

Mwalimu wa useremala anaitwa Simeon, mtu mnene, mpole, mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Katika karakana yake wanafunzi hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anapima ubao na kutaja kipimo, mwenzake yuko kwenye msumeno wa umeme, anarekebisha na kukata. Simeon alimweka Gligor kwenye kupima, na mwenye msumeno akawa Simeon mwenyewe. Siku ya kwanza kijana alipima, akaonyesha kwa vidole. Simeon hakugeuka. Akamwambia, macho yakiwa kwenye meno ya msumeno, kwamba hapo alipo haoni vidole vya mtu, akitazama pembeni atabaki bila vyake. Kisha akasubiri. Binti yangu, aliye darasa lile lile, anasema walisubiri mpaka kengele ikalia, na siku ya pili wakasubiri tena. Siku ya tatu Gligor akasema kipimo. Ilibidi apige kelele, maana msumeno una sauti kubwa. Simeon akakata ubao, akaomba unaofuata, kana kwamba hakuna lililotokea.

Baada ya hapo maneno yakawa yanarudi, kidogo kidogo. Kwanza namba, halafu majina ya mbao, halafu utani na wavulana wenzake. Mwaka wa pili ulipoanza alikuwa anaongea kama mtu mwingine yeyote, ila polepole.

Mimi nikadhani Stamena ataniambia. Hakuniambia. Nilipomuuliza shule inaendaje, akasema, "Shule gani ile, jirani. Wanamfundisha kuchafua nguo." Nikaelewa kwamba anafurahi kupita kiasi.

Mwezi wa Septemba akaja Bwana Vidoe. Alitumwa kutoka wizarani azungumze na wazazi, ajue kama wameridhika na shule, maana wanafunzi wanapungua kila mwaka na serikali inafikiria kuzihamishia baadhi ya shule mjini. Hilo la kuhamisha hakulisema. Alisema tu anataka kusikia maoni yetu. Alikuja katika majuma ambayo kila uwanja una moto na pilipili zinachomwa, barabara nzima inanukia, watu wote wako nje na mikono myekundu. Alipita nyumba kwa nyumba. Kila alipofika alikalishwa, akapewa mkate na achari ya moto, na alipouliza habari za shule akapewa majibu ya kwetu.

Shangazi Petkana, mwenye mjukuu anayesoma pale kwa furaha mpaka Jumapili anataka kwenda, alimwambia kwamba ile si shule, ni banda la kuhifadhia watoto mvua isiwanyeshee. Mwingine akasema walimu wanatosha kuchunga mbuzi, ila mbuzi wawe wachache. Watu wakacheka. Stamena, akikoroga sufuria kwa mwiko mrefu kama kasia, alisema mwanawe amekaa mle mwaka mzima na hajui kupigilia msumari. Siku ile ile kiti alichokalia Bwana Vidoe kilikuwa kimetengenezwa na Gligor.

Mgeni alishukuru, akala, akaondoka na chupa za achari ambazo kila aliyempa alimhakikishia kwamba ni mbaya.

Kabla majani hayajaisha mitini, mwalimu mkuu, Mama Trajanka, akatuita wazazi shuleni. Alikuwa amekwisha kulia kabla hatujafika, ilionekana. Alisema habari imetoka Skopje: kwa kuwa wazazi wenyewe hawana imani na shule, mwakani darasa la kwanza halitafunguliwa, na waliopo watahamishiwa mjini. Watalala huko.

Halafu wote wakaanza kumlaani Bwana Vidoe. Mtu gani huyu, hajui watu wanavyoongea? Hana bibi? Alikula kwetu akatuuza? Mama Trajanka akaacha kelele zipungue.

"Hakumuuza mtu," akasema. "Alipeleka mlichomwambia. Nimempigia simu, nimemwomba, atarudi Alhamisi awasikilize tena. Sasa nataka mzazi mmoja asimame aseme shule hii imemfanyia nini mtoto wake. Mmoja tu akianza, wengine mtafuata."

Watu wakatazama sakafu. Mmoja akasema asimame mwenye watoto wengi, ana nafasi ya kujaribu. Mwenye watoto wengi akauliza ni yupi kati yao wangependa kijicho kimchukue. Shangazi Petkana akasema waziwazi kwamba yeye ana mjukuu mmoja, na hata shule ikifungwa mjukuu atakuwa hai, kwa hiyo asitazamwe. Tulitawanyika bila kuafikiana. Nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Nimesoma chuo kikuu, nauza dawa zilizopimwa maabara, na binti yangu amefungwa uzi mwekundu wa kukinga kijicho mkononi tangu alipozaliwa.

Jioni moja kabla ya Alhamisi nilikwenda kwa Stamena kurudisha sufuria. Alikuwa amekaa jikoni bila kufanya kazi yoyote, jambo ambalo sijawahi kuliona. Hakunikaribisha. Alisema tu, kama anaendeleza mazungumzo yaliyokuwapo tayari, kwamba akienda mjini kijana atanyamaza tena, anajua, atanyamaza miongoni mwa wale watoto wageni na hakuna Simeon wa kumsubiri.

"Basi sema," nikamwambia.

"Nikisema anaongea, nikasema mbele ya watu wote wale, na asubuhi akaamka haongei?" Alinitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeipanga dunia hivyo. "Panche nilimsifu mara moja. Unajua lini? Asubuhi ile. Nilimwambia koti limempendeza."

Ningeweza kumwambia kwamba mti haujui habari za koti. Nilijua hayo na yeye alijua, na hayakuwa na msaada wowote jikoni mle.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bwana Vidoe alikaa mbele, mtu wa makamo mwenye mafua. Akasema anaomba radhi kama hakutuelewa, bibi yake naye alikuwa hivyo hivyo, hakuwahi kukiri kwamba anampenda hata paka. "Lakini siwezi kupeleka wizarani kimya cha bibi yangu," akasema. "Napeleka maneno. Nipeni maneno."

Mama Trajanka akatuzungushia macho. Wanafunzi wa darasa la pili walikuwa wameleta benchi za ziada kutoka karakana, wakabaki wamesimama ukutani, Gligor akiwamo. Muda ukapita, watu wakikohoa. Kisha Stamena akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la msibani. Alishika mgongo wa benchi la mbele, akaanza kwa sauti ya chini, kisha akaitia nguvu.

"Mwanangu aliacha kusema baba yake alipokufa. Wote mnajua. Nilimleta hapa sikutaka. Hapa wamemsubiri mpaka akasema. Hakuna aliyemkemea, hakuna aliyemhurumia, wamempa kazi isiyofanyika bila sauti, wakamsubiri."

Shangazi Petkana, nyuma yake, akageuza shingo na kutema mate ya kumkinga, na wanawake wengine wakamfuata, ptu, ptu, ukumbi mzima ukawa kama sufuria inayochemka. Stamena akageuka.

"Acheni kutema mate, bwana anataka kusikia." Akamgeukia tena mgeni. "Ni shule nzuri. Nimeridhika nayo. Na mwanangu ni fundi mzuri kuliko alivyokuwa baba yake, na baba yake alikuwa mzuri, na wewe ulikalia kiti cha mwanangu mwezi uliopita ukala mikate mitatu, hakikulia hata kidogo. Nilikudanganya. Sasa nimesema."

Akakaa. Uso wake ulikuwa mweupe kama kola anazoshona. Nimewajua watu waliosoma sana, na wachache waliosafiri mbali, lakini sijaona mtu akifanya jambo linalomtisha kiasi kile, bila mtu kumlazimisha.

Baada yake tulisimama wote, mmoja baada ya mwingine. Mimi pia nilisema kuhusu binti yangu na Kijerumani alichojifunza pale. Shangazi Petkana alisema mjukuu wake anaipenda shule kuliko nyumbani, na akaongeza haraka kwamba hata hivyo ana miguu mibaya, ili asikiachie kijicho pengo wazi. Bwana Vidoe alipenga kamasi na kuandika. Kabla theluji haijaanguka jibu likaja: darasa la kwanza litafunguliwa, na wetu hawaendi popote.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni njia ya kurudi nyumbani jioni ile. Tuliteremka kilima, mimi na Stamena mbele, binti yangu na Gligor nyuma. Stamena hakuwa anazungumza. Alikuwa akisikiliza nyuma kwa mgongo wake wote, na kwa bahati mbaya kijana hakuwa amesema neno tangu tulipotoka. Binti yangu ndiye aliyekuwa akipayuka peke yake. Tulipita kanisa, tukapita daraja. Niliona mkono wa Stamena unakunja ncha ya kitambaa cha kichwani, unaikunjua, unaikunja tena.

Kwenye lango lao Gligor akasema, "Mama."

Stamena akasimama palepale. "Nini?"

"Yale uliyosema kule. Ulisema kuokoa shule, au ni kweli?"

"Kwani wewe ulidhani mimi naonaje?"

Alifikiria, maana yeye huongea polepole. "Nilidhani unaona sifai. Nilidhani unaona ingekuwa afadhali abaki baba."

Nikamshika binti yangu mkono nimvute twende kwetu, lakini hakutaka kusogea. Stamena aliweka kiganja juu ya lango, akalitazama kama anatafuta kasoro ya kuitaja.

"Kila jioni ukiingia uani unaongea na mbwa," akasema. "Mimi hufunga bomba jikoni. Maji yanapiga kelele, sikusikii vizuri. Nafunga bomba, nasimama hapo na vyombo mkononi mpaka umalize. Vyombo havioshwi nyumba hii. Muulize jirani kama amewahi kuona vikombe vyangu safi."

Nikasema ni kweli, nimekunywa kahawa kwake, najua.

Gligor akacheka. Ilikuwa sauti ya Panche kabisa, na Stamena alipoisikia alifumba macho. Kisha kijana akasema, "Nilikuwa nikimsimulia mbwa habari za karakana. Nilidhani hutaki kuzisikia."

"Leo nisimulie mimi," Stamena akasema. "Mbwa amezisikia za kutosha."

Wakaingia ndani. Dirisha la jikoni likawaka, na kupitia pazia niliwaona wamekaa pande mbili za meza, mmoja akionyesha kwa mikono jinsi ubao unavyoshikwa, mwingine ameegemea mbele, kidevu kwenye ngumi. Binti yangu akaniuliza tunangoja nini hapa kwenye baridi. Nikamwambia hakuna, na tulipokuwa tunatembea nikamwambia kwamba Kijerumani chake kweli ni kizuri, sikukisifu kwa ajili ya bwana yule tu. Akanitazama kama naumwa.