Darasa la Wakubwa Lililohamia Gare

Bilonda alipofariki, mume wake Mukalay, aliyezeekea kwenye machimbo ya shaba ya Mashamba, alimchongea msalaba wa mbao akauacha bila jina. Wanaojua kuandika hawakukosekana mtaani kwao Dilala. Lakini marehemu alimcheka miaka yote kwa kusaini na kidole, naye akamwahidi siku za ugonjwa: jina lako nitaliandika mimi.

Ndiyo maana akaingia darasa la wakubwa la kusoma na kuandika. Mwalimu alikuwa Kabeya, Mkasai, yaani mtoto wa waliohamia kutoka Kasai, ingawa mwenyewe mzaliwa wa hapo hapo Kolwezi. Jioni moja mkubwa mmoja wa mji alikuja kuhutubia. Elimu ya watu wazima, alisema, inaamsha raia na kujenga umoja. Wakapiga makofi. Wiki iliyofuata raia walioamka waliwatoa Wakasai manyumbani, na Kabeya akaenda kulala gare, kwenye stesheni, na wenzake, kungojea treni ya kuwapeleka Kasai.

Darasa halikufungwa. Komite iliona haya kufunga kitu cha maendeleo. Ikaamua mwalimu awe mtoto wa hapa, ikamchagua Kyungu, aliyeimba kwa nguvu kuliko wote siku ya kufukuza Wakasai. Kyungu mwenyewe alikuwa mwanafunzi, tena wa benchi la nyuma. Alishika chaki, akajaza ubao mistari. Hakuna aliyemkosoa, nani angejua?

Mukalay alijua kimoja tu: jina la Bilonda halikuwamo. Akabeba msalaba wake hadi gare. Kabeya alikuwa amekalia godoro lililofungwa kamba, mke wake akipika sombe, majani ya muhogo. Mukalay alipomtajia jina la marehemu, mwalimu aliutazama msalaba. Aliokota kaa lililozimika, akachora herufi moja kwenye sementi.

"Fanya hii, tata. Kesho tutaongeza."

Mukalay akaikwangua kwa msumari juu ya mbao. Kesho yake akarudi kwa nyingine. Haukupita muda akawakuta wanafunzi wenzake pale, kila mmoja akisema anatafuta sufuria za bei rahisi za wanaohama. Nyuma yao alisimama Kyungu, kofia imeshushwa machoni.

"Na wewe, Tata Kyungu?" Kabeya aliuliza. "Sufuria?"

"Hapana, mwalimu. Mi natafuta somo ya leo. Darasa inaningojea."

Kabeya alicheka mpaka akakohoa. Akampa.

Kisha treni ikaja. Msalaba ulikuwa umefika BILON.

Kyungu alijitolea kumalizia. Mukalay alimnyang'anya msumari. Msalaba umesimama makaburini hivyo hivyo, na anayeuliza mbona jina limekatika, mzee humjibu bila kugeuka:

"Mwalimu alipanda treni. Sisi benyewe tulimupandisha."