Zuwena wa Barafuni

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Ibra ya Omani na mabibi waliotoka Unguja, kuogopa hakukuwa shughuli ya mtu mmoja. Mvua ikinyesha milimani tuliogopa wadi, ule mto wa mafuriko, sote, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa juu na maji hayangewafika. Tuliogopa majini ya nyumba za udongo zilizohamwa, tukaogopa bakora ya mwalimu wa Kurani, tukaogopa jicho la mgeni asiyejua kusema mashaallah. Lakini hofu kubwa kuliko zote nyumbani kwetu, na vijana wa leo nikiwahadithia hucheka mpaka wakashika mbavu, ilikuwa hofu juu ya msichana mmoja wa Kirusi.

Alikuwa mchezaji wa kuteleza kwenye barafu, wa yale mashindano ya kuruka na kuzunguka kwa muziki. Sisi barafu tuliyoijua ni ya friji, ile Mama aliyokuwa akiibandua kwa kisu. Baba aliponunua dishi ndipo tukamwona, Ijumaa moja baada ya chakula: msichana mwembamba, nywele kazivuta nyuma, anaingia uwanjani peke yake. Mtangazaji wa Kiarabu akalitaja jina lake, refu kama njia ya kwenda Sur, likatupita sote. Bibi akamtazama, akasema ana uso wa Zuwena, mdogo wake aliyezikwa Unguja. Tangu siku hiyo akawa Zuwena, na akawa wetu.

Muziki ukaanza, Zuwena akakimbia kinyumenyume, akaruka. Bibi akapiga ukelele, akajifunika uso kwa kanga.

"Keshateremka?" akauliza kutoka ndani ya kanga.

"Keshateremka, Bibi."

"Mzima?"

"Mzima."

Basi ndivyo alivyomtazama miaka yote ile. Sidhani kama aliwahi kumwona Zuwena akiwa hewani hata mara moja. Sisi wajukuu tulikuwa macho yake, na kazi hiyo ilitutia hofu na sisi, maana ukimwambia Bibi "mzima" kabla kisu cha kiatu hakijagusa barafu, kisha Zuwena akaanguka, roho yake ilikuwa juu yako.

Kulikuwa na adabu za kumtazama. Ubani ulifukizwa kabla hajaingia. Hakuna kupitisha kahawa wala sahani ya halua akiwa mbioni kuruka. Hakuna kumsifu bila mashaallah. Akimaliza alikwenda kukaa kwenye kibenchi kungojea alama, pembeni yake mwalimu wake, mwanamke wa koti la manyoya asiyecheka. Bibi hakumpenda yule mwanamke. "Mtoto hata maji hajapewa," alikuwa akinung'unika. Alama zilipokuja nzuri, Zuwena alilia, Bibi akalia, na Mama akarudi jikoni akisema nyumba hii imeingiwa na wazimu. Mwaka huo alishinda ubingwa mkubwa. Bibi alipika mkate wa kumimina akatugawia na majirani, na majirani hawakujua wanakula karamu ya nani.

Na sisi tuliteleza. Tulivaa soksi za skuli, tukamwaga poda kwenye marumaru ya ukumbi, tukaruka na kuzunguka, huku kaka yangu Saidi akitangaza kwa Kiarabu cha puani. Siku Saidi alipopasuka kidevu, Bibi alimfunga kitambaa, akatuambia maneno aliyokuwa akituambia kila siku: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Tulimcheka. Tulidhani ni maneno tu ya watu wazima.

Kisha Zuwena akaanguka. Alikuwa keshakua, keshakuwa msichana mkubwa, na nyuma yake kulikuwa na vitoto vipya vinavyoruka kama panzi. Alitaka kuongeza mzunguko, nadhani, ili asipitwe. Alishuka vibaya. Hakuinuka. Alikaa pale barafuni ameshika kifundo cha mguu, na muziki ukaendelea kulia wenyewe, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba muziki haukumngoja. Bibi kwenye kanga yake akauliza, "Mzima?"

Wakambeba Zuwena. Kipindi kikaisha, likaja tangazo la sabuni.

Siku hizo hakukuwa na simu za kuuliza kila kitu. Zuwena alipotea, basi kapotea. Kila Ijumaa tulifungua televisheni tukaona wengine wakiruka, yeye hayupo. Bibi alikuwa akimwombea baada ya sala, katika orodha yake ya wagonjwa wa Ibra na wa mji wa Samad, na jina la Zuwena lilikuwa katikati yao. Mimi nilikuwa nikiota muziki unaolia bila mtu. Niliogopa kuteleza. Soksi zikarudi kuwa soksi.

Akarudi Ijumaa moja bila taarifa. Saidi ndiye aliyepiga kelele. Zuwena yule pale, mguu kaufunga bendeji, uso umekonda. Bibi hakujifunika kanga. Aliinuka mbio kwenda jikoni, akarudi na pilipili kavu na chumvi kwenye kiganja, akaanza kuizungushia televisheni yetu, mara saba, akinong'ona Kulhuwallahu, kama anavyozinguliwa mtoto aliyepatwa na jicho.

"Mama, mtu yuko Urusi huko," akasema mama yangu. "Pilipili zako zitamfikia wapi?"

"Jicho limemfikia, dua ishindwe?"

Akazitupa kwenye chetezo. Wallahi moshi ule sijapata kuuona tena. Tulikohoa, macho yakatutoka machozi, Baba akakimbilia dirishani. Na katika moshi ule ule Saidi, macho mekundu, akasoma maandishi madogo kwenye pembe ya kioo.

"Bibi! Haya ni marudio! Yamepita wiki nzima! Kama kaanguka, keshaanguka!"

Mama akamvuta sikio, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tukamtazama Bibi. Alikuwa amesimama mbele ya televisheni, kiganja bado kiko wazi.

"Yamekwisha kwao," akasema. "Kwangu mimi bado."

Akaendelea kusoma. Zuwena akaruka, na sote, pamoja na Saidi mwenye marudio yake, tukashikana mikono. Alipotua, mguu ukayumba, ukasimama. Hakushinda, alikuwa mbali na ushindi. Mwisho aliinama akaigusa barafu kwa mkono, na hatukumwona akicheza tena.

Juzi nimemwona kwenye simu. Ni mwanamke mzima, amesimama ukingoni mwa uwanja na koti la manyoya, mwalimu wa watu. Mwanafunzi wake alipokimbia kwenda kuruka, Zuwena alifumba macho.

Ningemwambia nini marehemu Bibi? Nimemlea binti, Muzna, na Muzna anateleza. Yupo kwenye uwanja wa barafu Maskati kila wiki, mjomba wake Saidi humpeleka. Watoto wa leo hawana woga: wanajirekodi wakianguka, wanapelekeana, wanacheka. Mwaka jana alitegua mguu, akanitumia picha ya uvimbe na kikaragosi cha kucheka. Leo yalikuwa mashindano yake ya kwanza tangu mguu upone. Alinikataza kwenda. "Mama utapiga kelele, utanitia hofu mimi."

Alasiri video ikaingia. Nikaiweka simu mezani, sikuigusa. Baadaye ikalia.

"Mama, tunarudi, tumefika Bidbid. Umeona video yangu?"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo. Umeona?"

"Marahaba. Umeanguka?"

"Angalia mwenyewe."

"Mguu?"

"Mama, khalas, imekwisha zamani! Unaogopa nini?"

"Imekwisha kwako. Kwangu mimi bado."

Akacheka, nikamsikia Saidi kwenye usukani akimwambia asicheke.

Nikaenda jikoni. Nikazungusha chumvi na pilipili juu ya simu, mara saba, nikazitia kwenye chetezo cha umeme, maana makaa nani anayo siku hizi. Nikabonyeza video. Muzna akakimbia kinyumenyume, akaruka, na hapo hapo moshi ukanijaa machoni. Nilipofuta machozi alikuwa keshasimama, mkono juu, anacheka na watu nisiowajua.

Mzima, nikasema kwa sauti. Enzi zile tungekuwa chumba kizima, mmoja anamfungulia mwenzake dirisha. Leo nilikohoa peke yangu.