Nafasi ya Salumu kwenye Akaunti Yangu

Nina stashahada ya kompyuta niliyoisomea ng'ambo, kwa hiyo usidhani nakuletea maneno ya kijiweni. Nilimwona kwa macho haya, mchana, ndani ya nyumba yangu ya Kihonda niliyoijenga mwenyewe.

Niliporudi nchini nilinunua michezo ya kompyuta, nikafungua akaunti ya familia ili ndugu zangu nao wacheze kwa jasho langu. Sharti ni moja: mmoja akiwa ndani ya mchezo, mwingine anasubiri. Na aliyekuwa ndani siku zote ni mdogo wangu, Salumu. Sekondari hakumaliza, lakini kwenye mpira wa kompyuta alinifunga alivyotaka. Mama alikuwa akitoka kijijini Mlali kuja kukaa pembeni yake, amtazame tu. Aliyenunua ni nani? Na aliyeshangiliwa?

Masika yaliyopita Salumu alifariki kwa ajali ya pikipiki. Hata arobaini haijafika, nikamtoa kwenye akaunti, nikamwingiza mke wangu. Mjomba akanipigia simu.

"Mjomba, nafasi ya marehemu umempa mkeo? Mkeo ana ukoo wake. Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama. Ngoja arobaini, tukae, apewe mtoto wa dada yako."

"Mjomba, hii ni kompyuta, siyo shamba la migomba."

"Haya, msomi."

Nikwambie ukweli, nilifurahi kuona lile jina limefutika.

Alasiri moja mvua ilikuwa imeifunika milima ya Uluguru yote. Mke wangu yuko sokoni, niko peke yangu. Nikafungua mchezo kwenye kompyuta ya chumbani, yakatokea maandishi: subiri, mwanafamilia mwingine anacheza. Nani tena? Nikatoka kwenda sebuleni. Kwenye televisheni mechi imepamba moto, na kitini ameketi mtu, amenipa mgongo, jezi imelowa chapachapa. Vile vidole, niamini, navijua.

"Shikamoo, kaka."

Mdomo ukajibu kwa mazoea. "Marahaba."

"Mbona umenitoa mapema hivi? Mama hata hajamaliza kunilia."

Akafunga goli. Nilipopepesa macho, kiti kitupu, kinachuruzika maji.

Arobaini ilipofika ukoo ulikaa, nafasi akapewa mpwa wangu. Unadhani yaliisha? Nimebadili nywila, nimebadili kompyuta. Kila nikikaribia kushinda, mchezo unasimama na maandishi yale yale yanatokea. Mjomba anasema nafasi ilikuwa ya kurekebishika, ila ile salamu niliyoitikia ndiyo iliyomkaribisha.

Basi nawe mwenye akaunti ya familia, usimtoe marehemu kabla ukoo haujakaa. Na akikusalimia, hata kwa adabu namna gani, nyamaza. Mimi niliitikia. Sasa mama amehamia kwangu, na jioni mechi inajicheza yenyewe huku yeye ameketi pembeni ya kile kiti, anatabasamu. Nikishika mimi padi ya kuchezea, anainuka, anakwenda kulala.