Rejista ya Kudra na kompyuta iliyotolewa sadaka

Saa moja na nusu asubuhi, wagonjwa wa nje wakianza kujipanga kwenye mabenchi, Kudra Mbonde amelala kifudifudi chini ya meza ya mapokezi. Simu ameing'ata kwa meno ikimmulika, na vidole vyake vinaufuata waya mmoja wa bluu hadi unapopenya ukutani.

Anatoka, anajipangusa magoti, anazunguka nyuma ya jengo. Waya anaukuta ukichungulia kwenye dirisha la chumba cha dawa.

"Kumbe ulikuwa unakuja huku," anauambia, kama mtu aliyemfumania mtoto mtundu.

Anachana kipande cha utepe wa karatasi, ule wanaotumia mafundi rangi, anaandika 218 kwa kalamu ya wino mzito na kukibandika. Kisha anafungua kompyuta mpakato ya mtumba, ambayo kioo chake kimeegemezwa kwenye tofali kwa sababu bawaba zimekatika, na kujaza mstari mmoja wa rejista yake ya vifaa: kifaa gani, kiko wapi, kinapata umeme wapi, kinategemea nini, na nani anakitegemea.

Muuguzi wa wodi ya wazazi, Zuwena, anapita na beseni mkononi. "Kaka Kudra, na mimi utanibandika namba lini?"

"Nikubandike, halafu nijaze nini? Ukizimika wewe nani anaumia?"

Zuwena anacheka nusu, anaendelea na beseni lake kuelekea wodini. Kudra naye anainamia kompyuta yake. Ni utani wa kila siku, lakini katika hospitali hii kuna maneno ambayo hawa wawili hawawezi kuyacheka hadi mwisho.

Hospitali yenyewe ni ya taasisi ya hisani, hapa Kilwa Masoko. Ilikubali mwandishi aingie kwa sharti kwamba jina la hospitali lisiandikwe. Kudra hakuweka sharti lolote. "Langu liandike," alisema. "Tena liandike lote."

Ana umri wa miaka 34, mtoto wa mchuuzi wa samaki, na ndiye fundi pekee wa kompyuta wa hospitali na zahanati zake tano. Analipwa shilingi 380,000 kwa mwezi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Rejista kama anayoijenga, wataalamu wa mjini huiuza kwa fedha ambazo hapa zingejenga wodi. Yeye anatumia programu ya bure, utepe, kalamu na magoti yake.

Lakini hakuianza kwa sababu ya bidii. Aliianza kwa sababu aliua mtu. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na kila mara mtu anapojaribu kuyalainisha, anayarudia.

Kabla yake kulikuwa na Bonaventura, fundi aliyeitumikia hospitali hiyo miaka kumi na tisa. Bonaventura hakuandika kitu. Ukimuuliza waya huu unakwenda wapi, anakujibu bila kugeuka. Wakubwa walimpenda kwa hilo, kwani hakuna aliyewahi kusubiri jibu.

Kisha kiharusi kikampiga. Alibaki hai, akili zake timamu, lakini ulimi na mkono wa kuandikia vikafa. Hospitali iliagana na mfanyakazi mwema bila kufahamu kwamba imepoteza pia ramani yake yote. Kudra alipokabidhiwa ofisi alipewa funguo saba, na mbili kati ya hizo hadi leo hazijapata mlango.

Miezi mitano baadaye ukafika mfungo wa Ramadhani. Hospitali ina desturi nzuri: kila Ramadhani vifaa vilivyochakaa hutolewa sadaka. Mwaka huo ustadhi wa madrasa moja, Yassin, aliomba kompyuta mbovu, wanafunzi wake wakubwa wajifunze kufungua na kufunga.

Jumanne moja mchana Kudra aliingia maabara kuzikusanya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jenereta lilikuwa likihudumia chumba cha upasuaji na majokofu tu. Maabara ilikuwa kimya na giza. Chini ya meza ya mwisho aliziona kompyuta tano zimepangana, zimejaa vumbi, hazina vioo wala kibodi. Zote zilikuwa kimya.

"Siku yenye umeme ningesikia feni," anasema. "Moja ilikuwa nzima. Ilikuwa imelala tu kwa sababu umeme haupo. Mimi nikaibeba pamoja na maiti nne."

Hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikipokea majibu kutoka mashine ya kupima damu na kuyapeleka wodini. Majibu yakiwa ya hatari, ilipiga kengele kwenye meza ya wauguzi. Bonaventura ndiye aliyeiweka pale. Maabara walijua majibu yanafika wodini, lakini yanapitia wapi, hakuna aliyewahi kujiuliza. Umeme uliporudi jioni, taa ziliwaka, mashine zikawaka, na hakuna aliyeona kinachokosekana.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, alilazwa Amina kutoka Mitole, mke wa mkulima wa korosho aitwaye Huseni. Alikuwa na miaka 26, mimba ya miezi minane, na midomo iliyopauka. Alipimwa damu. Kabla ya saa nne mtaalamu wa maabara aliyaona majibu: gramu nne nukta sita, damu ya mtu anayepaswa kuongezewa pale pale. Akabonyeza kitufe cha kutuma. Akaendelea na wengine, akijua kengele inalia wodini.

Wodini kioo kiliandika: Majibu bado.

"Nilikiangalia kile kioo mara ngapi sijui," anasema Zuwena, ambaye ndiye aliyekuwa zamu. "Nilidhani maabara wamezidiwa, maana jana yake umeme haukuwepo. Yule dada alikuwa ananiuliza, 'Dada, bado?' Namwambia bado, mama, vumilia."

Saa kumi alasiri Zuwena alichoka kusubiri, akaenda maabara kwa miguu. Mtaalamu akamtazama kwa mshangao. Alikuwa ametuma tangu asubuhi.

Damu ilitafutwa, na Huseni mwenyewe akatoa chupa moja. Lakini uchungu ulikuwa umeshaanza, na Amina akavuja damu ambayo hakuwa nayo. Mtoto alitoka hai, wa kike. Mama yake alikata roho wakati watu wanafuturu. Zuwena anakumbuka kwamba kuna mtu alikuwa ameshika kokwa ya tende mkononi na hakujua aiweke wapi.

Kikao cha hospitali kiliandika kuwa kulikuwa na hitilafu ya mfumo. Kudra alipewa barua ya onyo. Huseni aliambiwa mkewe alikuwa na upungufu wa damu, jambo ambalo ni kweli, na akaenda kuzika.

Ilipogundulika kwamba kilichokosekana ni kompyuta moja ya sadaka, Ustadhi Yassin aliirudisha mwenyewe, imefungwa kwenye kanga kama alivyoipokea. Hakuwa ameiwasha hata mara moja. Kudra aliichomeka mahali pake, na baada ya dakika mbili kengele ya wodini ikafanya kazi. Ndipo alipokaa sakafuni maabara na kulia mbele ya watu.

Siku ya arobaini ya Amina alipanda bodaboda hadi Mitole. Hakutumwa na mtu, na kuna waliomwonya kwamba atapigwa. Alikaa na wasomaji hadi dua ikaisha na wali ukaliwa, kisha akamwomba Huseni pembeni na kumweleza yote, tangu vumbi la zile kompyuta hadi kile kitufe.

"Sikumwelewa mwanzo," anasema Huseni, mtu mrefu mpole ambaye husema taratibu. "Nilidhani amekuja kudai kitu. Nilipomwelewa nilitamani kumpiga. Nikamwambia ondoka, ondoka kabla watu hawajajua."

Wiki mbili baadaye Huseni akatokea hospitalini. Hakutaka kuonana na mkuu wa hospitali wala mganga. Alimtaka Kudra, na swali lake lilikuwa moja: "Hicho kidude chenyewe kiko wapi?"

Kudra akampeleka maabara. Huseni akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya kile kisanduku. Kilikuwa na joto.

"Kidogo hivi?" akauliza.

Alipoinuka, aliuliza kwa nini hakuna kitu kilichoandikwa pale, ili hata wasiojua wajue. Kudra akatoa karatasi na kalamu, akamuuliza aandike nini. Alitarajia Huseni aseme hatari, au usiguse.

"Andika kwamba kuna mtu anasubiri," alisema Huseni.

Karatasi ile bado ipo, imefunikwa kwa plastiki: USIZIME. KUNA MTU ANASUBIRI. Chini yake kuna namba 001. Rejista ilianzia hapo. Safu yake ya mwisho, ambayo wataalamu wangeipa jina la kitaalamu, Kudra ameiita Nani Anasubiri.

Kazi ya kuzijua namba nyingine ilimpeleka Mtanda, Lindi mjini, anakoishi Bonaventura na mkewe, Mama Grace. Amekwenda mara sita, zaidi ya saa tatu kwa basi kila safari, kwa nauli yake. Anapiga picha za visanduku na nyaya, anakaa kando ya kitanda, anamshika mzee mkono wenye uhai na kuuliza moja moja. Akibana mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana.

"Nikimwamkia shikamoo, ananibana," anasema Kudra. "Mama Grace ananiambia, 'Hiyo ndiyo marahaba yake, mwanangu, pokea.'"

Siku alipomwonesha picha ya namba 001, hakuwahi hata kumaliza swali. Bonaventura alibana, akabana, akabana tena, machozi yakimshuka hadi sikioni. Alikuwa ameshasikia habari za Amina. Kudra anasema mkono ulimuuma hadi kesho yake.

"Yule mzee alilijua jibu siku zote. Alikuwa amelala nalo Lindi, na mimi nilikuwa Kilwa na funguo saba."

Si wote wanaoipenda rejista hii. Namba hubanduliwa, kwa sababu vipande vya utepe ni vizuri kuzibia mifuko ya sukari. Mwezi uliopita mtu alichomoa kifaa namba 097 ili achaji simu. Kudra alimkuta, na yeye asiyegombana na mtu akapiga kelele hadi wagonjwa wakasimama. Wapo wanaomwita karani wa sensa. Ombi lake la kununuliwa betri za akiba limekaa mezani kwa mkuu kwa miezi kumi.

Na sasa muda wenyewe unamwishia. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, na ameambiwa kwa mdomo kwamba fedha za nafasi yake hazipo. Vimebaki vifaa 31 visivyo na namba, vyote katika zahanati za nje. Hajauliza atakula nini mwezi ujao. Anauliza basi la Jumamosi linaondoka saa ngapi.

"Nataka siku nikiondoka, asinipigie mtu simu," anasema. "Isiwepo haja. Kila kitu kiwe kimetoka kichwani mwangu kikakaa mahali ambapo hata kiharusi hakifiki."

Amepanga kuchapa nakala tatu za rejista: moja maabara, moja kwa mkuu, na ya tatu kwa Zuwena, aliyeiomba mwenyewe.

Jumamosi alifika zahanati ya Mitole. Kulikuwa na kifaa kimoja tu cha kuandika, kisanduku cheupe kinacholinda baridi ya jokofu la chanjo na kutuma taarifa hospitalini likipata joto. Alikibandika namba 219, akajaza mahali, akajaza umeme wa jua, akafika safu ya mwisho.

Huseni alikuwa kwenye foleni nje, kambeba mwanawe mgongoni kwa kanga ya mama yake. Nusaiba ametimiza mwaka mmoja na nusu na amekuja kuchomwa sindano ya surua. Watu wazima wawili walisalimiana bila maneno mengi. Kudra akamuuliza kama anaruhusiwa.

Huseni akamgeuza mtoto, akamtazama usoni, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kwenye safu ya Nani Anasubiri, mbele ya namba 219, Kudra aliandika: Nusaiba Huseni, wa Mitole. Alihifadhi, akafunga kompyuta, akasimama mlangoni hadi akamsikia mtoto analia.