Mkanda Alioukataa Ouma

Watu wa Kajiado wanasema Ouma wangu alikufa kwa uzembe. Mimi ni Nasike, mama yake. Shule niliachia darasa la tatu, lakini hii nitaiandika mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuning'iniza spika na mataa kwa shoo. Kila mkanda wa kubebea aliupitisha kwa vidole, mwisho mpaka mwisho, macho amefunga. Akipata umechanika hata kidogo, anaukata vipande viwili hapo hapo, mtu asije akautumia.

Hiyo kukata ndiyo ilinikera. Miaka thelathini nimeshona hapa Kitengela, sare za shule, mahema, mpaka viti vya malori ya Namanga. Siku moja akakataa mkanda mzuri, umeliwa tu kando. Nikamwambia, "Wacha nishone."

"Mama, mkanda haushonwi. Hiyo si suruali ya jirani yetu Opiyo."

"Suruali ya Opiyo imedumu kushinda ndoa yake."

Akacheka, akaanza kutafuta makasi. Simu ikalia, akatoka nje. Mkanda nikauficha chini ya cherehani; aliporudi nikamwambia nimeshaukata, nimetupa vipande.

Niliushona siku mbili. Nikatia kiraka ndani, uzi ukalala laini, huwezi jua pameguswa. Nilitaka ubebe spika kwanza, halafu nimwambie, unaona? Nikaurudisha kimyakimya kwa gunia lake.

Akaenda nao shoo ya Kajiado, yeye na mwenzake wa kazi, Lemein. Yeye ndiye aliniambia, asubuhi Ouma aliipapasa mikanda yote kama kawaida, macho amefunga. Vidole vyake vilipita juu ya mshono wangu, visishtuke. Saa nane mchana spika ikaanguka. Ouma alikuwa chini yake, akivuta waya.

Lemein aliniletea ule mkanda. Uzi wangu haukuwa umeachia hata tundu moja. Mkanda wenyewe ndio ulipasuka, kando ya mshono, pale sindano yangu ilipotoboa.

"Yeyo," akaniuliza, maana kwao mama ni yeyo, "huu mshono ni wa nani?"

Nikasema sijui.

Mazishini mchungaji aliambia vijana wawe makini na kazi. Mwaka mzima nimenyamaza, na cherehani bado nakanyaga.

Jana nimeukata ule mkanda vipande viwili, kwa makasi yake. Karatasi hii Lemein ataisoma kanisani Jumapili, mimi nikiwa nimesimama mbele. Ouma hakuwa mzembe. Alikosa kujua ule mkanda ni mbovu kwa sababu mama yake anajua kushona.