Kiganja Kwenye Ukuta wa Moto

Harufu ile ilinifikisha Adumi, kijijini kwa nyanya yangu, kabla sijajua nimesafiri. Kompyuta yangu ilikuwa imezimika tena, hapa Koboko, mchana wa jua kali, katikati ya video ya arusi ya watu niliyokuwa naihariri, na tumboni mwake ikatoka harufu ya vumbi lililoungua. Wewe uliyekulia kwetu enzi za tumbaku unaijua. Hivyo ndivyo ukuta wa udongo ulivyonuka moto ulipozidi.

Fundi wa Arua alikwisha kunipa hukumu kwa simu: "Hiyo iko mzee. Tupa tu." Jirani yangu, mama wa kutoka Congo anayeuza vitenge, alichungulia kibandani mwangu akacheka.

"Kaka, leo tena? Mashine inaanguka kama mulevi! Funga begi, wewe iko mutu ya safari."

Maneno yalinichoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Nimeishi Juba, Ariwara, Kampala. Kazi ilipokauka, begi lilifungwa. Mashine hii ndiyo iliyonikalisha Koboko. Ikifa, kibanda kinafungwa, na mimi najijua: nitapanda basi.

"Mama," nikamwambia, "safari hii sitoki."

Nyanya yangu alikuwa na nyumba ya kukaushia tumbaku, ya udongo, ndefu kwenda juu, na mdomo wa moto chini. Msimu ukifika tulifunga majani kwenye vijiti mpaka vidole vikawa vyeusi na kunata. Hata muhogo tuliochoma kwenye majivu tuliula na uchungu wa tumbaku. Moto ulikuwa kazi yake. Wenzake walitumia kipimajoto. Yeye aliweka kiganja ukutani akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Akiumaliza mkono ungali pale, moto ni mzuri. Mkono ukiruka kabla, alivuta nje gogo moja, moja tu, akasubiri, akaimba upya.

"Moto iko na masikio," alisema. "Ongea nayo polepole."

Mjomba hakuamini. Siku alipoachiwa moto, alishindilia kuni zote mdomoni ili majani yakauke upesi, awahi mpira kule Onduparaka. Alirudi akiimba ushindi. Majani yalikuwa yameiva kama mboga, meusi. Nyanya alimwekea jani moja kiganjani.

"Umepika sosi? Haya, kula."

Mnunuzi aliyakataa yote. Majirani wakamshauri nyanya aache tumbaku, uzee umefika. Msimu uliofuata alikanda udongo, akaziba nyufa za ukuta, akawasha moto mbele ya macho yao.

Basi nikaitazama mashine yangu kwa jicho lake. Nilikuwa nimeiongezea feni, yaani nilipepea moto bila kuugusa. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndiyo iliyokuwa inachemka, nayo mara nyingi hupewa umeme kuzidi kidogo mahitaji yake, kama kuni za mjomba. Nikafungua ule ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla kompyuta haijaamka, nikapunguza volteji, yaani nguvu ya umeme wa prosesa, kidogo. Nikaiwasha, nikaipa ile video nzito, nikagusa bati la ubavu wake. Nikapunguza tena. Nikapunguza tena, na picha ikaganda: bibi arusi mdomo wazi, keki hewani.

"Ameshiba!" jirani akapiga kelele.

Nilikuwa nimevuta gogo moja zaidi. Nikairudishia volteji hatua moja, nikaanza upya.

Kesho yake, jua likiwa utosini, niliweka kiganja kwenye bati na kuimba ule ubeti kwa sauti ya chini.

"Kaka, unaombea mashine?"

"Naombea. Itikia amina."

Akaitikia, kicheko kikimkaba. Ubeti ukaisha, mkono ungali pale. Feni ikanguruma taratibu, na bibi arusi akala keki yake mpaka mwisho.

Nyumba ya tumbaku haipo tena. Mvua iliuangusha ukuta, na vilima vilivyoulisha ule moto kuni vimebaki vipara; hilo nalo ni kweli, sitalificha. Sauti ya nyanya imebaki kwangu kwa ubeti mmoja tu, mingine imenitoka. Fundi bado ananiambia mashine itakufa. Itakufa, naam, kama mimi na yeye, lakini itakufa ikiwa kazini. Begi langu nimelikata. Vipande vyake ndivyo ninavyofutia vumbi kwenye feni.